Mandolini Moja ya 1923, Bei ya Nyumba Kilimani: Hii Doo Yote Hutoka Wapi?

Kuna kifaa kidogo cha muziki ambacho unaweza kukibeba kwapani ukiingia mathree na hakuna mtu atakuangalia mara mbili. Lakini kikiwa ile aina yenyewe, na karatasi zake ziko sawa, mwenye nacho hataki kusikia bei ya chini ya dola 100,000. Piga hesabu ya shilingi 130 kwa dola. Hiyo ni milioni 13.

Na hakuna dhahabu ndani. Hakuna almasi. Ni mbao, gundi, vanishi na nyuzi nane.

Kifaa chenyewe ni mandolini ya Gibson F-5, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1922 na 1924, na ndani yake kuna karatasi yenye sahihi ya jamaa anaitwa Lloyd Loar. Wapenzi wa hizi vitu huita tu "Loar". Ukisema "nimeona Loar" mbele ya mtu wa mandolini, huyo atakuuliza maswali hadi kesho.

Sasa swali ni moja: kwani mbao inaweza kuwa na thamani hiyo kweli, ama watu wameuziwa story? Tulia tukuchambulie.

Kwanza, mandolini ni nini?

Fikiria gita lililopunguzwa hadi likawa saizi ya mtoto mchanga. Nyuzi zake ni nane, lakini zimepangwa mbili mbili, kwa hivyo unazipiga kama nyuzi nne. Zinatuniwa sawasawa na fidla: G, D, A, E. Fidla unaisugua kwa upinde, mandolini unaipiga kwa kipande kidogo cha plastiki. Sauti ni kali, inawika, na inakufa haraka. Ndiyo maana wapigaji hupenda kutetemesha mkono juu ya nyuzi, ndio noti isizimike.

Asili yake ni Italia. Zile za Napoli za karne ya 18 zilikuwa na mgongo wa mviringo kama kibuyu kilichokatwa katikati. Vivaldi aliiandikia muziki. Hata Antonio Stradivari, yule fundi ambaye fidla zake huuzwa mamilioni ya dola, alitengeneza mandolini. Moja yake ya 1680 iko kwenye jumba la makumbusho la muziki huko Vermillion, South Dakota.

Lakini mandolini inayopiganiwa zaidi na wanamuziki wa leo haikutoka Italia. Ilitoka mji wa viwanda unaoitwa Kalamazoo, jimbo la Michigan.

Orville, fundi aliyekataa kibuyu

Mwisho wa karne ya 19, Wamarekani walishikwa na homa ya mandolini. Kila mji ulikuwa na kundi lake, vijana kwa wazee, wamekaa mistari na mandolini mapajani kama orkestra. Ilikuwa ndio fashioni ya wakati huo.

Kalamazoo kulikuwa na fundi anaitwa Orville Gibson. Huyu alijiuliza: kwa nini mandolini isichongwe kama fidla, ubao wa juu na wa nyuma ukiwa na mwinuko, badala ya kubandika vipande vyembamba hadi vikawa kibuyu? Akachonga. Mwaka 1898 akapata hataza ya wazo lake, na mwaka 1902 kampuni yenye jina lake ikaanzishwa. Ndiyo hiyo Gibson ambayo leo unaijua kwa magita.

Mandolini zake hazikuwa na tumbo la kuteleza mapajani, na zilikuwa na sauti nzito zaidi. Ile aina ya kifahari, F, ilikuwa na mkunjo begani unaojizungusha kama gamba la konokono. Huo mkunjo hausaidii sauti kwa lolote la maana. Ni swag tu. Lakini kuuchonga ni kazi ya siku nyingi, na ndiyo maana hadi leo mandolini ya F ni ghali kuliko A ambayo haina mapambo hayo.

Halafu akaingia Loar

Lloyd Loar alizaliwa 1886. Alikuwa mpigaji mandolini mwenyewe, mtunzi, na mtu aliyeelewa sayansi ya sauti. Alijiunga na Gibson mwaka 1919, wakati ile homa ilikuwa imeanza kupoa na kampuni ilitaka kitu cha kurudisha wateja.

Alichofanya kilikuwa kuendeleza wazo la Orville hadi mwisho wake. Kama mandolini inachongwa kama fidla, basi iwe fidla kabisa.

Tundu la duara katikati likaenda. Mahali pake yakaja matundu mawili yenye umbo la herufi f, kama ya fidla. Shingo ikarefushwa, na lile daraja linalobeba nyuzi likasogea hadi katikati ya ubao wa juu, mahali ambapo ubao unatetemeka vizuri zaidi. Chini ya ubao huo wakaweka vijiti viwili vya mbao. Mafundi walikuwa wanapunguza mbao kidogo kidogo na kusikiliza mlio hadi ufike pale wanapotaka. Yaani kifaa kinatuniwa kabla hata hakijafungwa nyuzi.

Ubao wa juu ulikuwa sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii ya msonobari. Mgongo na mbavu zilikuwa mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Juu yake vanishi nyembamba, rangi ya kahawia inayofifia hadi dhahabu katikati.

Kila moja ikimalizika, ilibandikwa karatasi mbili ndani. Moja ina aina ya kifaa na nambari yake. Nyingine ni cheti kwamba kifaa kimepimwa na kujaribiwa, na chini yake Loar ametia sahihi na tarehe. Sahihi za kwanza za F-5 ni za Juni 1922. Za mwisho ni Desemba 1924, kisha Loar akaondoka kampuni.

Miaka miwili na nusu. Basi. F-5 zenye sahihi yake zinazojulikana leo ni mia mbili na kitu duniani kote. Ikivunjika moja, zimepungua.

Noma ni kwamba hakuna aliyezitaka

Hapa ndipo story inauma kidogo.

F-5 ilitoka wakati ambapo hakuna mtu alikuwa anatafuta mandolini. Jazz ilikuwa imefika, vijana walitaka kudensi, na kwenye ukumbi wenye kelele banjo ndiyo iliyosikika. Zile orkestra za mandolini zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Kifaa bora kabisa cha aina yake kilitengenezwa kwa ajili ya muziki uliokuwa unakufa.

Kampuni ikaendelea kutengeneza F-5 bila Loar, lakini chache chache. Yeye akaenda kujaribu vifaa vya umeme, biashara ambayo nayo haikumtajirisha. Alikufa mwaka 1943. Muziki ambao ungefanya jina lake litajwe kwa heshima kila siku ulikuwa bado haujapata sura yake.

Kinyozi wa Miami na dola 150

Muziki huo ni bluegrass. Kama unajua country, na Mkenya gani hajalelewa na Kenny Rogers na Dolly Parton Jumapili mchana, basi bluegrass ni yule binamu anayekimbia. Hakuna ngoma, hakuna umeme. Ni banjo, fidla, gita, besi na mandolini, na spidi ni ya kutoa jasho.

Baba yake anaitwa Bill Monroe, mzaliwa wa Rosine, Kentucky, 1911. Kwao alikuwa kitinda mimba, na unajua venye kitinda mimba hupewa mabaki. Kaka zake walichukua fidla na gita. Yeye akaachiwa mandolini, na akaambiwa aweke nyuzi nne pekee badala ya nane ndio asiwapigie kelele.

Mmoja wa watu waliomfundisha kusikia muziki alikuwa Arnold Shultz, mwanamuziki Mweusi wa Kentucky aliyepiga gita na fidla, na Monroe alimtaja kwa heshima hadi uzeeni. Banjo yenyewe ina mizizi Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema bluegrass ni muziki wa wazungu wa milimani pekee, mwambie arudi darasani.

Miaka ya 1940, Monroe akiwa tayari staa wa redio, alipita kwenye kinyozi huko Miami, Florida. Dirishani kulikuwa na mandolini inauzwa. Dola 150. Ilikuwa F-5, nambari 73987, sahihi ya Loar, tarehe 9 Julai 1923.

Akanunua, na hiyo ndiyo aliyoipiga karibu maisha yake yote.

Aligundua kwamba ile sauti kali inayokufa haraka, ambayo wengine waliona ni udhaifu, inaweza kufanya kazi ya ngoma. Unabonyeza nyuzi, unapiga, unaachia papo hapo: "chak!" Inaingia katikati ya mapigo ya besi. Besi inasema "dum", mandolini inajibu "chak". Huo ndio uti wa mgongo wa bluegrass hadi leo. Na F-5 ya Loar ilikuwa na "chak" ambayo mandolini nyingine haikuwa nayo.

Kuanzia hapo, kila kijana aliyetaka kusikika kama Monroe alianza kutafuta F-5 ya miaka ile. Zilikuwa kwenye maduka ya vitu vya rehani, chini ya vitanda vya mabibi wazee, kwenye stoo. Miaka ya mwanzo ungepata kwa doo ya kawaida. Halafu watu wakashtuka.

Kisu, kisha chuma cha moto

Mandolini ya Monroe yenyewe ilipitia mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliirudisha kiwandani irekebishwe. Alingoja miezi, na ilivyorudi akaona kazi aliyotaka haikufanywa yote. Akachukua kisu cha mfukoni akakwangua jina "Gibson" kutoka kwenye kichwa cha mandolini, mbele ya kila mtu ambaye angemwona jukwaani. Kwa karibu miaka 30 alipiga kifaa chenye kovu hilo. Walipatana mwaka 1980, na jina likarudishwa.

Kisha Novemba 1985, mtu aliingia nyumbani kwake Tennessee, akachukua chuma cha kuchochea moto na kupondaponda mandolini zake mbili. Hakukuwa na mandolini tena, kulikuwa na vibanzi.

Vibanzi hivyo vilikusanywa vyote, hata vile vidogo kama njiti ya kiberiti, vikapelekwa kwa fundi wa Gibson, Charlie Derrington. Jamaa alikaa miezi akiviunganisha kimoja kimoja. Mapema mwaka uliofuata Monroe akapewa mandolini yake, akaipiga, na akaendelea kuipiga hadi karibu na kifo chake mwaka 1996.

Kwa sheria za soko, kifaa kilichovunjwa na kuunganishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei. Hiki kilifanya kinyume. Bei iliyotangazwa baada ya Monroe kufariki ilipita dola milioni 1. Leo iko kwenye jumba la Country Music Hall of Fame huko Nashville, ambapo unaweza kuiona na mikwaruzo yake yote.

Sasa bei inatoka wapi?

Tukiweka pamoja, kuna mambo matano yanayopandisha bei ya mandolini ya zamani:

1. Nani aliitengeneza. Sahihi ya Loar inatenganisha F-5 ya Novemba 1924 na F-5 iliyotoka kiwanda hicho hicho baadaye, hata kama zinafanana kwa macho.

2. Ziko ngapi. F-5 ni mia mbili na kitu. Lakini A-5, ile isiyo na mkunjo, yenye sahihi ya Loar inayojulikana ni moja tu duniani. Moja.

3. Haijaguswa. Vanishi ya kwanza, sanduku la kwanza, sehemu za kwanza. Mtu akiipaka rangi upya ndio ing'ae, amechoma pesa. Watu wengi mtaani hawaelewi hili: kwa vitu vya kale, uchafu wa miaka 100 una thamani kuliko usafi wa jana.

4. Tarehe. Ziko zingine zilizotiwa sahihi 9 Julai 1923, siku moja na ya Monroe. Hizo hufuatwa sana. Tarehe ya 18 Februari 1924 pia ina jina; Chris Thile, mmoja wa wapigaji wakubwa wa kizazi hiki, anapiga moja ya siku hiyo.

5. Nani aliipiga. Hii huwezi kuinunua dukani. Ndiyo iliyofanya mbao zilizopondwa ziuzwe bei ya kasri.

Lakini sauti je? Ni kali hivyo?

Hapa ndipo wasee hugombana.

Upande mmoja unasema mbao ikizeeka inakauka, inakuwa nyepesi, na ikipigwa miaka mingi inafunguka. Wanasema Loar ina sauti kavu, nzito, inayofika viti vya nyuma bila maikrofoni. Wengi wa wanaosema hivi ni wapigaji hodari, si wauzaji pekee.

Upande mwingine unataja fidla. Mwaka 2010 huko Indianapolis, wanasayansi waliwapa wapigaji fidla miwani ya giza, wakawapa fidla mpya na za zamani zikiwemo za Stradivari. Wengi hawakuweza kujua ipi ni ipi, na kifaa walichopenda zaidi mara nyingi kilikuwa kipya. Kama Stradivarius inaweza kushindwa gizani, Loar ni nani?

Tena, Loar zenyewe hazifanani. Baadhi ziliwekewa ndani kisahani cha mbao cha Virzi kilichoning'inia chini ya ubao wa juu, eti kiboreshe sauti. Wamiliki wengi baadaye wamekitoa kwa sababu waliona kinapunguza makali. Kuna Loar za kukutoa machozi, na kuna Loar za kawaida zenye sahihi nzuri.

Ukweli unaoonekana ni huu: sauti ndiyo iliyoanzisha hii mambo, lakini sauti pekee haiwezi kufika milioni 13. Kuna mafundi leo wanaotengeneza mandolini zinazoweza kusimama kando ya Loar jukwaani kwa sehemu ndogo ya hiyo bei. Kinachobaki ni kwamba fundi anaweza kuiga mbao, kipimo na vanishi, lakini hawezi kutengeneza 1923.

Si kila mzee ana mali

Kama shosh wako ameacha mandolini kwa sanduku, usianze kuangalia magari bado. Zile za mgongo wa kibuyu zilitengenezwa kwa maelfu na maelfu wakati wa ile homa. Nyingi zina zaidi ya miaka 100 na haziuzwi pesa ya maana, na kuzirekebisha kunaweza kugharimu kuliko bei yenyewe. Umri bila uhaba ni uzee tu.

Baadhi zina shida nyingine: pambo la gamba la ng'amba, yule kasa ambaye watu wa Pwani wanamjua vizuri. Biashara ya kimataifa ya ng'amba imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu miaka ya 1970. Kuvusha mpaka na kifaa kama hicho bila karatasi ni kujitafutia kesi.

Halafu kuna feki. Palipo na milioni 13, wakora wapo. Karatasi ya sahihi ni karatasi tu, inaweza kuigwa. Ndiyo maana wapenzi wa Loar wameweka rekodi za miaka mingi za nambari, tarehe na picha za kila moja inayojulikana. Mepo ina mistari yake kama alama za vidole, hakuna mbili zinazofanana. Ikitokea "mpya" ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, inachunguzwa kama maiti. Rekodi hizo hizo huwa kikwazo kwa wezi: ukiiba Loar, utamuuzia nani?

Na kwa wale wanaofikiria hii ni investment ya uhakika, pole. Bei zilipanda vibaya sana hadi karibu 2008, kisha uchumi wa dunia ulivyotetereka zikashuka, na aliyenunua kileleni aliumia. Bei hii inashikiliwa na watu wanaopenda bluegrass, na wengi wao wana mvi.

Na sisi wa mfuko wa kawaida?

Gibson za aina ya A, zile za tundu la duara za miaka ya 1910 na 1920, bado hupatikana Marekani kwa dola elfu moja hadi elfu kadhaa. Bado ni pesa, lakini ni kifaa cha miaka 100 kilichochongwa kwa mkono. Ukishuka zaidi, kuna mandolini mpya za Eastman zinazotoka China, na kuna hata brandi inayojiita The Loar. Hizo ni za dola mia kadhaa, na zinatosha kabisa kujifunza ile "chak".

Kumbuka tu kwamba Monroe hakununua historia pale kwa kinyozi. Alinunua mandolini iliyotumika, kwa dola 150, kwa sababu ilisikika poa mikononi mwake. Historia aliipiga mwenyewe, miaka 50 hivi, hadi vanishi ikaisha pale mkono wake ulipokuwa unapita.

Sasa tuambie: ukipewa milioni 13 leo, utachukua Loar ama nyumba Kilimani?